Ukuta wa Betlehemu na Wale Wanaouangalia

Kila Mkristu amepata kuona picha ya Betlehemu: pango, nyota, wachungaji na kondoo wao mlimani. Lakini mwenye kwenda huko siku hizi kwa njia itokayo Yeruzalemu hukutana kwanza na kitu kingine. Kabla ya kuingia mjini, barabara yafikia ukuta wa saruji wenye kimo cha meta nane, na minara ya walinzi juu yake. Mahali hapo pana kaburi la Raheli, mke wa Yakobo, linaloheshimiwa na Wayahudi, Wakristu na Waislamu tangu zamani. Ukuta umelizunguka kaburi hilo na kulitia upande wa Waisraeli. Nyumba na maduka ya jirani yamebaki upande wa pili, na njia ambayo zamani ilijaa wasafiri sasa yaishia ukutani.

Ili kufahamu habari ya ukuta huu, yatupasa kurudi nyuma kidogo. Baada ya vita vya 1948, Israeli na nchi ya Yordani zilipatana mwaka 1949 kusimamisha mapigano, zikachora mstari katika ramani kwa rangi ya kijani. Kwa sababu hiyo watu wanauita Mstari wa Kijani mpaka leo. Mapatano yenyewe yalisema kwamba mstari huo si mpaka wa daima. Kisha katika vita vya 1967 Waisraeli waliiteka nchi yote iliyo kati ya mstari huo na mto Yordani, pamoja na Betlehemu. Tangu siku hizo ugomvi wa mipaka haujaisha.

Mwezi wa Septemba 2000 Wapalestina walianza maasi ya pili. Watu waliojifunga mabomu miilini waliingia katika mabasi, masoko na nyumba za chakula za Waisraeli. Mwezi wa Machi 2002 peke yake Waisraeli zaidi ya 100 waliuawa. 30 kati yao walikufa kwa bomu moja katika hoteli ya mji wa Netanya, walipokuwa wameketi mezani kwa sikukuu ya Pasaka yao. Mwaka huo huo serikali ya Israeli ilikata shauri kujenga kizuizi. Ni haki kuyakumbuka hayo, kwa maana mzazi asiyejua kama mtoto wake atarudi salama kutoka shuleni hawezi kudharauliwa katika hofu yake.

Lakini swali gumu lilikuwa hili: kizuizi kipite wapi? Mstari wa Kijani una urefu wa kilometa 320 hivi. Njia iliyopangwa kwa kizuizi ina kilometa 712 hivi, yaani zaidi ya mara mbili, kwa sababu yazunguka-zunguka ili kuvitia ndani vijiji vya Waisraeli vilivyojengwa katika nchi iliyotekwa. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, sehemu 85 katika kila 100 za njia hiyo zapita ndani ya nchi ya Wapalestina. Karibu na miji ni ukuta wa saruji. Penginepo, na ndiyo sehemu kubwa, ni uzio wa waya wenye mitambo ya kugundua anayeugusa, na kando yake handaki, barabara ya askari, na ukanda wa mchanga uliolainishwa ili alama za nyayo zionekane. Mambo hayo yote kwa pamoja yala upana wa meta 60 hivi, na upana huo ulikuwa mizeituni na mizabibu ya watu.

Sasa niwaeleze habari ya watu wanaouangalia ukuta huo. Hawana silaha. Wana kalamu, daftari, ramani na saa.

Katika mlango mkubwa wa Betlehemu, kwa miaka mingi, wafanyakazi walifika kabla ya alfajiri, wakajipanga kati ya vyuma ili wapate kwenda kazini Yeruzalemu. Pembeni yao walisimama wageni wachache waliovaa vizibao vyenye alama. Hao ni watu wa kujitolea wanaotumwa na Baraza la Makanisa la Ulimwengu tangu 2002, kwa ombi la wakuu wa makanisa ya Yeruzalemu. Kila mmoja hukaa huko miezi mitatu hivi. Kazi yao ilikuwa kuandika mlango umefunguliwa saa ngapi, watu wangapi wamepita, wangapi wamerudishwa. Na tangu 2001 wako pia wanawake wa Kiisraeli, wengi wao wamekwisha kuwa bibi wenye wajukuu, wanaosimama kwenye vizuizi vya askari wa taifa lao wenyewe na kuandika wanayoyaona. Ofisi ya Umoja wa Mataifa iliyoko Yeruzalemu nayo hupima njia ya ukuta, huhesabu milango ya wakulima na kuchora ramani ambazo kila mtu aweza kuzisoma.

Mtu atauliza: je, kuhesabu kwafaa nini? Katapila haliogopi daftari. Tuvitembelee basi vijiji vitatu, tupate jibu.

Kwanza twende Beit Surik, kaskazini-magharibi ya Yeruzalemu. Mwaka 2004 wenyeji walipeleka mashitaka mbele ya Mahakama Kuu ya Israeli, kwa sababu uzio ungewatenga na mashamba yao. Jeshi lilisema kwamba usalama walazimisha njia ile ile na si nyingine. Ndipo maafisa wa zamani wa jeshi hilo hilo, waliokwisha kustaafu, walipoleta ramani yao wenyewe kuonyesha kwamba yawezekana kuulinda mji kwa njia nyingine isiyowadhulumu wakulima mno. Hata baadhi ya Waisraeli wa mji jirani wa Mevaseret Zion waliwaunga mkono wanakijiji. Tarehe 30 Juni 2004 mahakimu walitoa hukumu: katika kilometa 40 zilizochunguzwa, kilometa 30 zilibatilishwa, kwa maana hasara ya wenyeji ilizidi faida ya usalama. Siku tisa baadaye Mahakama ya Kimataifa ya The Hague, kwa sauti 14 dhidi ya moja, ilitoa shauri kwamba ukuta uliojengwa ndani ya nchi iliyotekwa wavunja sheria ya mataifa na wapaswa kubomolewa. Israeli haikulikubali shauri hilo, na ukuta haukubomolewa. Lakini mashamba ya Beit Surik yalikwisha kuokolewa sehemu kubwa na ramani ya wazee wale.

Sasa tushuke kusini, tufuate reli ya zamani itokayo Yeruzalemu kwenda Jaffa, iliyofunguliwa mwaka 1892. Bondeni twakuta kijiji cha Battir. Mlima wake umekatwa kuwa matuta yaliyoshikwa na kuta za mawe yasiyo na saruji, na maji ya chemchemi yatiririka katika mifereji ya tangu enzi za Warumi. Koo nane za kijiji hugawana maji kwa zamu, kila ukoo siku yake. Kwa hiyo watu husema kwamba juma la Battir lina siku nane! Mwaka 1949 mstari ulipopita kwenye reli, wenyeji waliruhusiwa kuendelea kulima mashamba yao ya ng'ambo, kwa sharti kwamba gari la moshi lisidhuriwe. Ahadi hiyo ilishikwa miaka na miaka bila ukuta wowote.

Hata hivyo jeshi lilipanga kupitisha uzio hapo. Wanakijiji walikwenda mahakamani wakiwa na picha na vipimo vya matuta yao. Tena idara ya serikali ya Israeli inayolinda mbuga na mali ya asili iliwaambia mahakimu kwamba uzio ungeiharibu kazi ya kale isiyoweza kutengenezwa tena. Mwezi wa Juni 2014 UNESCO iliandika matuta ya Battir katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Mwanzoni mwa 2015 shauri lilikwisha pasipo mahakama kuuidhinisha uzio.

Kijiji cha tatu ndicho kilicho chungu zaidi. Kati ya Battir na Betlehemu liko bonde la Cremisan, chini ya mji wa Wakristu uitwao Beit Jala. Humo wanakaa Wasalesiani wa Don Bosko, ndugu za wale waliofika Katanga mwaka 1911. Konventi ya mapadre ilianzishwa mwaka 1885 nayo yajulikana kwa divai yake. Karibu nayo Masista Wasalesiani wana shule ya watoto. Juu ya bonde, pande mbili, iko mitaa ya Waisraeli, Gilo na Har Gilo. Jamaa 58 za Beit Jala zina mizeituni humo.

Mashitaka yalianza mwaka 2006, na Masista wakaingia mwaka 2010, wakitetewa na mawakili wa shirika la Mtakatifu Ivo la Kanisa la Yeruzalemu. Kila Ijumaa, paroko wa Beit Jala alisoma Misa chini ya mizeituni pamoja na wenye mashamba. Mwezi wa Aprili 2013 kamati ya hakimu ilikubali njia ambayo ingewatenga Masista na Mapadre, na kuizungushia shule ukuta kwa pande tatu. Mwezi wa Mei 2014 Baba Mtakatifu Fransisko alisimamisha gari lake ghafula huko Betlehemu, akatembea mpaka ukutani, akauwekea paji la uso, akasali kimya. Tarehe 2 Aprili 2015 Mahakama Kuu iliikataa njia ile. Watu wa Beit Jala walifurahi sana.

Furaha yao haikudumu. Mwezi wa Julai mahakama hiyo hiyo iliruhusu ujenzi, mradi nafasi ya meta 225 hivi iachwe wazi karibu na konventi, ili nyumba zote mbili zisitengwe. Tarehe 17 Agosti 2015 makatapila yalifika na kung'oa mizeituni. Mingine ilikuwa ya kale sana, imepandwa na mikono isiyokumbukwa tena na mtu. Basi shule ilisalimika, na mashamba ya jamaa wengi yakaumizwa. Meta 225, hiyo ndiyo tunu waliyoipata kwa miaka tisa ya kushuhudia.

Je, ni kidogo? Kwa mwenye mizeituni iliyong'olewa, ni kidogo sana. Kwa mtoto anayekwenda shuleni kwa Masista, ni njia yake nzima. Tusidanganyane: kwa jumla theluthi mbili hivi za kizuizi zimekwisha kujengwa, na vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023 wafanyakazi wengi walinyimwa ruhusa ya kupita, na milango mingi ya wakulima ikafungwa. Daftari halizuii chuma. Lakini pale ambapo chuma kilizuiwa, Beit Surik na Battir, palikuwa na mtu aliyekwisha kupima na kuandika mapema, tena kwa kweli, hata hakimu wa upande wa pili akalazimika kumsikiliza.

Iko bado kazi moja, isiyojulikana na wengi. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa uliamuru kufunguliwa ofisi katika mji wa Vienna, ambako huandikwa hasara iliyoletwa na ukuta: shamba la fulani, kisima cha fulani, miti mingapi. Makumi ya maelfu ya wenyeji wamejaza karatasi zao. Ofisi hiyo hailipi hata senti moja. Yatunza maandiko tu, ili siku haki itakapouliza nani alipoteza nini, jibu lipatikane.

Nanyi wanafunzi, ambao mara nyingine mwachoka kupima kiwanja cha shule kwa kamba na kuandika hesabu yake bila kosa, kumbukeni wazee wa Beit Surik na ramani yao.