Kutoka Udine hadi Palermo: Maneno ya Mahaba na ya Kuagana

Safari ya treni kutoka Udine, kaskazini-mashariki mwa Italia, hadi Palermo katika kisiwa cha Sicilia, humwonyesha msafiri milima, mashamba na bahari, lakini mwenye sikio pevu hunufaika zaidi vituoni, kwa sababu huko ndiko watu huagana, na maneno yao hubadilika kadiri treni inavyoelekea kusini. Udine watu huagana kwa neno *mandi*, ambalo ni la Kifriuli, lugha yenye sarufi yake, na ambalo hutumika pia wanapokutana.

Venice, ambako msafiri anaweza kubadilisha treni, ndiko lilikotoka neno *ciao*, lililoanza kama *s-ciavo*, yaani “mtumwa wako”, kauli ya adabu ambayo unyenyekevu wake umesahaulika kabisa, kiasi kwamba leo *ciao* ni la wanaojuana tu. Mgeni au mtu wa kuheshimiwa huagwa kwa *arrivederci*, au kwa *arrivederLa* pale heshima inapozidi, na maana yake haiko mbali na “kwaheri ya kuonana”. *Addio*, ambalo asili yake ni “kwa Mungu”, lina uzito wa buriani, wala halitamkwi ovyo na anayetarajia kurudi jioni.

Roma inaweza kupitwa haraka, lakini Napoli yafaa msafiri ashuke. Huko mama humwita mwanawe, awe wa kiume au wa kike, kwa cheo chake yeye mwenyewe: humwambia ale, kisha huongeza *a mammà*, kana kwamba mtoto ndiye mama. Wanaisimu wa Italia huuita mtindo huu *allocuzione inversa*, yaani uitaji wa kinyume. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani naye amezoea kumsikia mama akimwita bintiye “mama” na mwanawe wa kiume “baba”, na Waarabu nao wana desturi ya namna hiyo. Bali Mnapoli hutaja cheo cha msemaji, ilhali Mswahili huangalia jinsia ya mtoto. Ni mahaba ya hali ya juu, kwa kuwa mzazi humvika mtoto jina ambalo kwa kawaida ndilo linalompa yeye mamlaka.

Anayeondoka Napoli huambiwa *statte buono*, yaani “kaa salama”, na katika bandari ya mji huo dua hiyo haikuwa ndogo. Kati ya 1876 na 1976 Waitalia takriban milioni 26 waliihama nchi yao, wakiwemo watu wengi wa kusini waliopandia meli hapo kwenda Marekani, na kwa familia nyingi *addio* lilikuwa neno la kweli.

Kutoka Villa San Giovanni mabehewa huingizwa katika kivuko na kuvushwa hadi Messina, abiria wakiwa ndani. Ng'ambo hiyo, pamoja na *tesoro*, “hazina”, na *amore*, “mpenzi”, ambayo ni maneno ya Kiitaliano sanifu, msafiri husikia Kisicilia, ambacho humtaja mpendwa kwa viungo vya uhai wenyewe: *sangu meu*, “damu yangu”, na *ciatu meu*, “pumzi yangu”, maneno ambayo bibi wa Palermo humpa mjukuu wake bila kuona kwamba amezidisha chochote.