Lenzi ya Sungura Kumi na Saba

Huenda ukashangaa ni vipi mtu mwenye akili timamu anaweza kuuza sungura kumi na saba ili anunue kipande cha kioo. Usijali, hata mama aliniuliza swali hilo hilo, mikono kiunoni, jioni niliyorudi nyumbani Uthiru nikiwa na kiboksi kidogo kwapani na nauli imeniishia mfukoni. Tulia basi nikusimulie.

Guka, yaani babu yangu mzaa baba, anajua ndege kwa sauti. Keti naye nje asubuhi utamsikia: "Kwarara hao wanaenda kazini. Huyo naye ni mwewe, angalieni vifaranga." Anajua kwa sauti kwa sababu macho yamemtupa. La kushoto limezimika kabisa kwa ugonjwa wa presha ya macho, na la kulia huona tu kitu kikiletwa karibu na pua. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa huo ukishakula sehemu ya uwezo wa kuona, sehemu hiyo hairudi. Dawa ya matone ni ya kuuchelewesha tu.

Ng'ambo ya kijito kilicho chini ya shamba letu kuna mugumo mkubwa, na matunda yake yakiiva huja shorobo. Kama humjui, ni ndege mwenye mkia mrefu, mwili wa kijani na buluu iliyokolea, na doa jeupe mbele ya jicho. Akitulia ndani ya majani unaweza kupita chini yake mara kumi usimwone. Lakini akiruka, lo! Mabawa hufunguka mekundu kama damu. Wataalamu wanasema wekundu huo una madini ya shaba ndani yake. Makao yake ni misitu ya nyanda za juu, na vitongoji vya Nairobi ambavyo bado vina miti ya haja.

Jioni moja alilia kule mugumoni kwa ile sauti yake ya kukoroma. Guka akageuza uso upande huo, akasema, "Huyo nilimwona mara ya mwisho kabla hujaanza shule. Si una kamera? Nipigie picha yake nimtazame, mjukuu wangu, jicho likiwa bado lipo."

Kamera nilikuwa nayo kweli. Mjomba wangu hupiga picha za harusi, na aliponunua mpya alinipa ile yake kuukuu, Canon 1100D, pamoja na lenzi yake ndogo ya milimita 18 hadi 55. Nilikimbia kijitoni nikapiga. Shorobo alitokea mdogo kama punje ya ndengu. Nikajaribu kwa simu ya dada, nikavuta, nikavuta, nikapata madoa ya kijani tu, maana simu ile haivuti ndege karibu, inakuza nukta tu. Nilihitaji lenzi ndefu.

Hapo ndipo sungura walipoingia. Nilikuwa nimewafuga miaka miwili, nikauza wote kumi na saba, nikajumlisha na akiba yangu, jumla shilingi 15,000. Nilijiona tajiri! Kisha Mjomba akanieleza kwamba zile lenzi kubwa za milimita 150 hadi 600 unazoona watalii wamezibeba kama mizinga ni zaidi ya laki moja. Nikauliza kuhusu kukodi ya siku moja mjini. Wanataka kitambulisho. Mtoto wa shule atatoa wapi kitambulisho?

Kuuliza si ujinga. Jumatano ya kwanza ya likizo ya Agosti nilipanda matatu hadi Makavazi ya Taifa. Pale, watu wa Nature Kenya hukutana kila Jumatano asubuhi na kwenda kutazama ndege, desturi iliyoanzishwa na Bi. Fleur Ng'weno mwaka 1971. Mama mmoja aliyekuwa na kamera alinisikiliza shida yangu huku tukitembea. Hakuniuliza nataka lenzi ya urefu gani. Aliniuliza, "Huyo ndege wako anakaa kwenye jua au kivulini? Na wewe una stendi ya miguu mitatu?" Nikamwambia anakaa kivulini, stendi sina. Akatikisa kichwa. Kabla hatujaachana alinifundisha kitu kimoja zaidi ambacho utakisikia baadaye.

Usiku ule nilichukua penseli. Naomba mwalimu wetu wa Fizikia asome aya hii kwa makini, kwani ndiyo mara yangu ya kwanza kutumia somo lake bila kulazimishwa. Shorobo ana urefu wa sentimita 40 hivi. Kutoka ukingo wa kijito hadi tawi analolipenda nilikadiria mita 30. Kwa lenzi ya milimita 300, taswira yake ndani ya kamera ingekuwa na urefu wa milimita 4. Kwa lenzi ya milimita 250, ingekuwa milimita 3.3. Tofauti ipo, lakini je, nikisogea hadi mita 25? Lenzi ya 250 inanipa milimita 4 zile zile! Yaani zile milimita 50 ambazo watu wanazililia ni sawa na mita tano, hatua saba hivi za miguu yangu, na miguu yangu sikuinunua.

Mwanga ndio hatua haziwezi kuuleta. Wewe unaijua Nairobi ya Agosti: wingu limetanda kama blanketi hadi saa sita mchana. Wapiga picha wana kanuni yao ya zamani kwamba ukishika kamera kwa mikono, lenzi ya milimita 300 inataka picha ipigwe kwa sehemu moja ya 300 ya sekunde au upesi zaidi, la sivyo mtetemo wa mikono utaiharibu. Kwa kamera kama yangu, yenye sensa ndogo, unazidisha kwa 1.6, kwa hiyo ni kama sehemu moja ya 500. Chini ya mugumo, asubuhi ya Agosti, kasi hiyo inaleta giza tupu au picha iliyojaa chengachenga.

Jumamosi nikaenda mjini. Duka la kwanza, jamaa alinitolea lenzi nene ya milimita 500, aina ya kioo cha kurudisha mwanga, shilingi 9,000 tu. "Kijana, hii unapiga hata mwezi, buda!" Moyo ulinidunda. Mia tano! Lakini nikaisoma ubavuni: namba yake ya mwanga ni f/8, ilhali hizi nyingine zikivutwa hadi mwisho ni f/5.6, maana yake hii inaingiza nusu tu ya mwanga. Tena unailenga kwa kuzungusha kwa mkono, na haina kitu cha kutuliza mtetemo. Mwezi hautoroki. Shorobo je?

Duka la pili walikuwa na Canon ya milimita 75 hadi 300, ya mitumba, 11,000. Nakiri nusura ninunue. Hii nayo haina kituliza mtetemo, lakini ile 300 ilinitia kiwewe, hesabu zangu zote zikayeyuka. Ndipo nikakumbuka alichonifundisha yule mama. Nikatoa tochi ndogo, nikamulika lenzi kutoka nyuma na kuchungulia mbele. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ukungu. "Hiyo ni vumbi tu, ukipangusa inatoka," muuzaji akasema bila kupepesa. Vumbi lililo katikati ya vioo utalipangusa na nini? Nikamshukuru, nikatoka.

Duka la tatu ndipo nilipoikuta: Canon ya milimita 55 hadi 250, ile ya mwaka 2013 yenye kituliza mtetemo. Nyepesi, gramu 375, huwezi kuamini. Nikamulika, safi. Nikapiga vibao vya maduka ng'ambo ya barabara, herufi zikasomeka. Bei, 16,500. Tulivutana nusu saa nzima hadi muuzaji akacheka, akasema, "Leta hizo 14,900 uende, umenichosha." Shilingi mia iliyobaki ikawa nauli.

Usifikiri mambo yaliishia hapo. Wiki mbili nilikaa kando ya kijito kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nimejifunika gunia, miguu imekufa ganzi. Kila siku nilisogea kidogo ili ndege wanizoee. Siku ya kumi na moja shorobo alikaa wazi, akamega tunda, nikambana kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde. Jicho linaonekana, doa jeupe linaonekana, hata unyoya mmoja mmoja. Kisha akaruka, nami nikabonyeza tu kwa kiherehere. Kituliza mtetemo hutuliza mikono yako, hakimtulizi ndege. Picha ya pili ikatoka ukungu mtupu, kama mtu amemwaga rangi.

Nilizichapisha zote mbili kubwa katika studio ya Kangemi. Nikampa guka ile nzuri kwanza. Akaisogeza puani, akaizungusha, akakunja uso. "Huyu ni nani? Kuku wa kijani?"

Nikampa ile iliyoharibika. Alikaa nayo muda mrefu, kidole kikifuata ule wekundu kutoka pembe moja hadi nyingine. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, hakusema neno.

"Ehe," guka akasema. "Ndiye. Alienda upande gani?"

"Upande wa Kabete, guka."