USIACHE MBACHAO

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mbacha wako, yaani ule mkeka mkuukuu ulio nao nyumbani. Msala upitao ni mkeka mzuri wa mtu anayepita zake tu. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na kwenye insha tumeitumia mpaka imechujuka. Mimi nimeielewa mwaka huu, na aliyenielewesha si kitabu bali pikipiki mbovu iliyokuwa makao ya kuku.

Pikipiki yenyewe ni ya marehemu babu yangu. Ni Honda CG125 nyekundu, aliyoinunua mwaka wa 1984 alipokuwa bwana shamba. Watu wazima wa kwetu Kimilili bado wanaikumbuka. Babu alipanda nayo miteremko ya Mlima Elgon kukagua mibuni ya wakulima, mvua inyeshe jua liwake. Inasemekana wengine wakiisikia ikinguruma kutoka mbali walikuwa wanakimbilia shambani ili wakutwe wakifanya kazi! Babu alipofariki mwaka wa 2011, ilisukumwa ndani ya stoo na mlango ukafungwa. Tangu hapo kuku wametaga juu ya kiti chake, panya wametafuna waya, na tangi limejaa kutu.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lilitugusa sana. Kaka yangu ni mwendeshaji wa bodaboda. Alikuwa kidato cha pili wakati baba alipougua, akaacha shule ili mimi na dada yetu mdogo tusome. Pikipiki anayoendesha si yake. Kila jioni lazima ampelekee mwenyewe hesabu ya shilingi 300, abiria wawepo wasiwepo. Kwa siku sita za wiki hizo ni shilingi 1,800. Kinachobaki ndicho cha petroli, ndicho cha unga, na ndicho cha chakula changu cha mchana hapa shuleni. Mkiniona nimetumwa nyumbani kuleta karo, jueni kwamba wiki hiyo mvua ilinyesha na abiria hawakutoka.

Mwanzoni mwa likizo ya Aprili alikuja mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mkokoteni wake. Aliizunguka pikipiki ya babu mara mbili, akaipima kwa macho, akatoa shilingi 3,500. Baba mdogo akasema, "Chukueni pesa. Hiyo kitu imekufa kitambo." Hata fundi mmoja wa karibu alikuwa ameitazama miaka ya nyuma akasema hivyo hivyo. Nyanya yetu, ambaye sisi humwita Kukhu, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani ameipima akaona imekufa?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kaka akaomba apewe muda mpaka mwisho wa Agosti. Baba mdogo akakubali shingo upande, kwa sharti moja: Septemba ikifika kabla haijanguruma, itauzwa kwa kilo.

Kuuliza si ujinga. Jumamosi iliyofuata kaka alinibeba mpaka mjini Bungoma, kwenye vibanda vya jua kali, kumwona mzee mmoja aliyezitengeneza pikipiki za aina hiyo tangu ujana wake. Tulipomwamkia na kumweleza shida yetu, alicheka. "Vijana yangu," akasema, "CG haifi. Watu ndio huiacha." Kisha akatupa habari ambayo baadaye nimeisoma mwenyewe nikaona ni kweli.

Honda waliitoa CG125 mwaka wa 1976 wakizifikiria nchi kama zetu, ambako barabara ni mbovu na mwenye pikipiki hubeba mizigo mizito, tena husahau kubadilisha oili. Injini nyingine za Honda za wakati huo zilikuwa na mnyororo mdogo ndani, wa kuzungusha vyuma vya juu vinavyofungua valvu. Mtambo huo unataka oili safi kila wakati. Kwenye CG waliweka fimbo za chuma zinazosukuma valvu kutoka chini. Huo ni mtindo wa kizamani, lakini unavumilia. Mnyororo wa gurudumu la nyuma nao waliufunika wote usiingie vumbi wala matope. Baadaye viwanda vya Uchina vikaiga injini hiyo, vikaunda nyingine nyingi za mfano wake. Mwaka wa 2008 serikali yetu iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, nazo za Uchina zikamiminika nchini. Kwa hiyo baadhi ya bodaboda mnazopanda kwenda sokoni Chwele ni kama wajukuu wa pikipiki ya babu! Ndiyo sababu baadhi ya vipuri vyake bado viko madukani, na kwa bei ya bodaboda.

Kabla hatujaondoka Mzee alituwekea sheria. Injini inahitaji mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche ya moto kwa wakati wake. Likikosekana moja tu, haiwaki. "Msibadilishe kitu kabla ya kujua ugonjwa," alisema. "Ulizeni swali moja, mpate jibu, ndipo muulize la pili."

Swali la kwanza lilikuwa kama injini inazunguka. Haikuzunguka. Kaka alisimama juu ya kiki kwa uzito wake wote, nayo ikabaki pale pale kama jiwe. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Jirani mmoja alishauri tutie nyundo. Tulikataa, kwa maana Mzee alikuwa ametuonya kwamba nyundo ndiyo huua injini nyingi kuliko kutu. Tulifungua plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili kupitia tundu lake, tukaacha. Kila jioni kaka akitoka kazini tuliingiza gia ya juu kabisa, tukasukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma polepole. Siku ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna, ya tano hakuna. Siku ya sita nikahisi gurudumu limesogea kama upana wa kidole. Lo! Tulitazamana na kaka bila kusema neno, tusije tukaiharibia bahati.

Swali la pili lilikuwa la petroli. Tangi lilitoa kutu jekundu kama udongo. Hapo Kemia ya hapa shuleni ikaniokoa. Kutu ni oksidi ya chuma, nayo asidi huiyeyusha. Tulijaza siki, tukatia changarawe kidogo, tukawa tunalitikisa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Kisha tukalisuuza kwa maji ya magadi ili kuituliza ile asidi iliyobaki, tukalianika juani hadi likakauka kabisa. Kabureta ilikuwa imezibwa na utomvu mgumu wa petroli iliyooza. Tuliilowesha ndani ya petroli mpya, na vile vitundu vidogo vya ndani tukavizibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Shaba ni laini, haipanui tundu.

Swali la tatu lilikuwa la cheche. Kwenye pikipiki za siku hizi kazi hiyo inafanywa na kijisanduku cha elektroniki. Kwenye ya babu kuna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana kila injini inapozunguka. Mafundi huviita pointi. Vilikuwa vimeota weusi, na umeme haupiti kwenye weusi huo. Tulivisugua kwa msasa laini, tukavipima nafasi yake kwa kipimo tulichoazimwa na Mzee. Tukaweka plagi mpya, tukaigusisha kwenye chuma cha injini, kaka akapiga kiki. Cheche ya samawati ikaruka!

Pesa zilitoka wapi? Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilipalilia mahindi ya majirani. Kuku nao walilipa kodi ya nyumba, maana Kukhu alitupa mayai yao yote ya Mei tuyauze shilingi 20 kila moja. Kaka aliongeza alichoweza. Tairi mbili zilizotumika zilitugharimu shilingi 3,000, mnyororo na sproketi zake 1,500, betri ya volti 6 shilingi 1,800, maana betri hizo ni adimu siku hizi. Pamoja na oili, waya, plagi na vitu vingine vidogo, jumla ilifika 8,150. Niliandika kila senti kwenye daftari.

Lakini katika kazi hii yote, kilichonishangaza zaidi ni kaka yangu. Kwa miaka mingi amekuwa akisema, "Mimi masomo yaliniacha stejini." Nikileta vitabu vyangu nyumbani, havigusi. Jioni moja nilikuwa nakokotoa ujazo wa silinda. Kipenyo ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5. Kaka aliinama juu ya bega langu akauliza, "Mbona umegawanya kipenyo kwa mbili?" Nikamweleza habari ya nusu kipenyo. Akachukua kalamu, akafanya mwenyewe, akapata 124. "Sasa ndio naelewa kwa nini inaitwa CG125!" akasema. Tangu usiku huo amekuwa akisoma kitabu changu cha Fizikia, sura za umeme, mimi nikiwa nimeshalala. Yeye ndiye aliyegundua waya uliokatwa na panya chini ya tangi. Mimi niliupita mchoro ule mara kumi nikiukariri tu kwa ajili ya mtihani, naye aliusoma kama mtu anayetafuta njia ya kwenda kwao.

Jumamosi ya tatu ya Agosti tulitia petroli nusu lita. Kaka alipiga kiki mara ishirini hivi, jasho likimtiririka njia mbilimbili. Kimya. Tukaanza upya, swali moja moja. Cheche ipo, petroli inafika. Tukafunga hewa kidogo ili mchanganyiko uwe mzito. Kiki ya pili baada ya hapo ikajibu, "Pu!" Ya tatu ikashika. Moshi mweupe wa ile oili ya zamani ulijaa uwanja mzima, kuku wakatawanyika, watoto wa majirani wakaja mbio. Kukhu alitoka jikoni akijipangusa mikono kwa leso. Alisimama, akainamisha kichwa kusikiliza. "Huyo ndiye," akasema. Hakuongeza neno, akarudi jikoni.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo kaka haendi kupeleka hesabu. Haijawa hivyo. Logibuku bado ina jina la babu, na mali ya marehemu haibadilishwi jina hivi hivi. Kwanza barua ya chifu, kisha kortini kwa mambo ya urithi, ndipo jina libadilishwe. Halafu bima. Bila hayo haiwezi kubeba abiria hata mmoja. Kwa hiyo kila jioni zile shilingi 300 bado zinatoka. Lakini baba mdogo, yule yule aliyetaka iuzwe kwa kilo, ndiye aliyempeleka Kukhu kwa chifu. Na Mzee wa Bungoma amemwambia kaka awe akienda kibandani kwake kila Jumapili alasiri kujifunza, ili mwakani afanye mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la tatu. Kaka amekubali.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hutamani vitu vipya tunavyoviona vikipita barabarani. Si vibaya kutamani. Lakini tazameni kwanza ndani ya stoo za kwenu. Huenda kuna cherehani, redio au baiskeli ambayo watu wote wamekubaliana kwamba imekufa, na hakuna aliyeipima. Huenda pia kuna ndugu ambaye watu wamekwisha kumhesabu kuwa ameshindwa, hata yeye mwenyewe amekubali. Msianze na nyundo. Anzeni na swali moja, mngoje jibu lake. Subira huvuta heri.