Kawaida Ndiyo Ipi?

Nilijifunza kazi ya kupanga tiba ya mionzi zama ambazo kila mgonjwa wa saratani ya mapafu tulimhesabia pumzi ileile. Picha moja ya siti skani ilitosha. Daktari anachora uvimbe, nami naongeza ukingo: sentimita moja pembeni, moja na nusu kwenda juu na chini, ili hata ukihama ubaki ndani ya mwale. Ndivyo tulivyoelekezwa, na mipango ilipita bila maswali.

Aliyenibadilisha ni mzee mmoja, mkulima wa korosho kutoka Mtwara. Tulikuwa ndio kwanza tumeanza kupiga picha zinazofuata pumzi. Mgonjwa analala chali, mikono juu ya kichwa. Tumboni tunamwekea kiboksi chepesi chenye vidoa vinavyorudisha mwanga; kamera inakitazama kikipanda na kushuka, kisha kompyuta inazigawa picha katika mafungu kumi, tangu kifua kinapojaa hadi kinapoishiwa na kuanza kujaa tena. Nikamwambia nilichokuwa nikiwaambia wote: "Baba, pumua kama kawaida."

Akageuza shingo. "Kawaida ndiyo ipi, mwanangu? Ya humu au ya nyumbani?"

Mstari kwenye skrini ulimpa haki. Ulikuwa kama msumeno uliong'oka meno: pumzi fupifupi za kifuani, za mtu anayeiogopa mashine. Tungepiga picha palepale, tungepanga tiba kwa pumzi ya hofu, halafu tumtibu akiwa amekwisha kutuzoea na pumzi yake ni nyingine. Nikazima taa kubwa, tukazungumza habari za mvua na bei ya korosho (hii ya pili ilimpandisha hasira, nikaiacha haraka). Taratibu pumzi ikashuka tumboni, mstari ukalingana. Hapo ndipo tukapiga.

Uvimbe ulikuwa chini ya pafu la kulia, jirani na kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Kila alipovuta pumzi ulisafiri milimita 17, na haukurudi kwa njia uliyoendea. Haya yalikwisha kuonekana Sapporo, Japani, ambako madaktari walipandikiza vitone vya dhahabu karibu na uvimbe na kuvifuatilia kwa eksirei. Matokeo yao ya 2002 yalionyesha kwamba uvimbe wa chini ya pafu, usioshikamana na ukuta wa kifua wala uti wa mgongo, husafiri wastani wa milimita 12, na kwamba muda mwingi hukaa upande wa pumzi iliyotolewa. Hata Tume ya Kimataifa ya Vipimo vya Mionzi ilikwisha kutenga eneo la mwendo huo katika ripoti yake ya 62 ya mwaka 1999. Niliikariri kwa ajili ya mtihani.

Baada ya mzee alikuja mama mwenye uvimbe juu kabisa ya pafu. Wake ulisogea milimita mbili tu. Kwa ukingo wetu wa zamani tungeunguza nyama nzima isiyo na kosa, na pafu lililopata mionzi mingi huweza kuvimba miezi kadhaa baadaye, likamletea mtu kikohozi kikavu na pumzi za kukatika wakati anadhani amekwisha kupona. Tangu hapo sikuweza tena kupanga kabla ya kupima.

Wataalamu wa fizikia tiba wa Marekani walishauri mwaka 2006 kwamba mwendo ukizidi milimita tano utafutiwe dawa. Wapo wanaobana pumzi wakati mwale unapiga. Wapo ambao mwale huwashwa pumzi inapofika mahali fulani tu. Mzee, kwa miaka yake ya sigara, kubana hakuweza. Tukamwekea kibao cha kukandamiza tumbo, njia iliyoanzia hospitali ya Karolinska, Stockholm, miaka ya 1990. Mwendo ukashuka chini ya sentimita moja. Alikilalamikia sana siku aliyokuja ameshiba ugali, kwa hiyo tukakubaliana kula kuwe baada.

Siku hizi mgonjwa wa mapafu namwandikia nafasi mara mbili ya wengine kwenye ratiba ya picha. Wenzangu wa mapokezi hawajanisamehe.