Joto Linalopotea Mtwara

Mwaka 2013, wananchi wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, niliwaambia wanafunzi wangu kwamba ugomvi ule ni wa umiliki: gesi ni ya nani? Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Msimbati, aliniuliza: "Mwalimu, na ile inayochomwa kwetu, inatumika vizuri?" Nililipita swali lake. Leo narudi kulijibu.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Mji wa Mtwara umekuwa ukiitumia kufua umeme kwa injini. Injini ya aina hiyo, hata ikiwa mpya, hugeuza takriban asilimia 40 tu ya nishati ya gesi kuwa umeme. Sehemu kubwa ya inayobaki hutoka kama joto, kupitia bomba la moshi na maji ya kupoza. Ikizeeka, vali zikachakaa na vichujio vikaziba, hula gesi zaidi kwa umeme uleule.

Kinyerezi II huvuna joto hilo: moshi huchemsha maji, na mvuke huzungusha mitambo mingine bila kuongeza gesi. Kwa injini ndogo huenda gharama hiyo isilipe. Lakini korosho huhitaji mvuke kabla ya kubanguliwa, na nyingi za Mtwara huondoka nchini zikiwa ghafi. Joto pia linaweza kuendesha mitambo ya barafu, na wavuvi wa Mikindani wanaijua thamani ya barafu.

Wapo watakaosema tunalo Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, kwa hiyo tuziache injini kuukuu zife. Nawauliza: mvua zikichelewa, tutashika nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatizo letu si la uhandisi pekee. Hakuna utepe unaokatwa kwa sababu ya kichujio kipya, wala hotuba kwa vali iliyobadilishwa kwa wakati. Ndugu mtumishi wa umma, kabla ya kuomba fedha za mtambo mpya, onesha kwanza kila uniti ya umeme inakula gesi kiasi gani, na ilikula kiasi gani miaka mitano iliyopita.

Kwa mwanafunzi wangu wa Msimbati: hapana, haitumiki vizuri kadiri inavyowezekana. Mwaka ule tulipigania gesi isiondoke kwa bomba, tukasahau ile inayoondoka kwa moshi.