Anko wetu mtu wa bata, na wale wanaosema hakuacha kitu

Kila ukoo una anko mmoja ambaye akiingia tu mlangoni watoto wanaacha kula. Kwetu alikuwa kitinda mimba wa upande wa mama. Mnyamwezi wa Magomeni, dereva bajaji, Simba damu, Sikinde damu, na mtu pekee niliyewahi kumuona anacheza muziki mpaka asubuhi kwa soda ya tangawizi tu. Tumemzika mwezi wa tatu mwaka huu. Presha. Alilala mzima, asubuhi hakuamka.

Naandika hapa kwa sababu ya sentensi moja niliyoisikia msibani zaidi ya mara tatu, tena kutoka kwa watu wazima kabisa: "Maskini, kala bata maisha yake yote, hakuacha kitu."

Sawa. Nyumba hakuacha. Mtoto hakuacha. Kaacha bajaji ambayo ndo kwanza kamaliza kuilipia, kapelo nne, na boksi la kanda ambazo hakuna mtu ukoo mzima mwenye redio ya kuzipigia. Ila hao waliosema hivyo hawakuwepo usiku wa tarehe 5 Novemba 2023. Mimi nilikuwepo, kwenye siti ya nyuma.

Ngoja niwaeleweshe kwanza. Mama ana kaka yake mkubwa, yeye ni Yanga na ni mtu wa Msondo. Yeye na Anko walibishana tangu sijazaliwa. Maana Sikinde yenyewe ilianza 1978 kwa kubeba wanamuziki wa bendi ambayo leo tunaiita Msondo, akiwemo Mzee Gurumo, halafu baadaye Gurumo akarudi zake Msondo. Kwahiyo Gurumo wa nani? Hiyo kesi haikuwahi kuisha. Gurumo alipofariki 2014, wote wawili walikuwa wanapokea pole kama wafiwa, na kila mmoja anamwambia mwenzake "pole sana, najua ulikuwa unampenda," yaani kama vile marehemu ni wa kwake yeye, huyu mwingine jirani tu. Hahaha, wazee hawa!

Huo ulikuwa ugomvi wa raha. Wa kweli ulikuja bibi alipofariki. Mjomba mkubwa anataka nyumba ya Magomeni iuzwe kila mtu achukue chake. Mama hataki kusikia. Kuanzia 2019 hawakusalimiana. Sikukuu mama anaenda asubuhi, kaka yake anaenda jioni, na sisi watoto tunajifanya hatuoni.

Sasa, wanaofuatilia mpira wanaijua tarehe niliyoitaja. Simba kapigwa na Yanga 5-1. Mkono mzima. Mashabiki wengi wa Simba siku ile walizima simu. Anko akaja kwetu saa mbili usiku, kavaa jezi yake nyekundu vilevile, akamwambia mama, "Dada vaa khanga, twende tukamuone mgonjwa." Mama hakuuliza mgonjwa gani, maana Anko alikuwa na wagonjwa kila kona ya mji. Tukapanda. Njiani akasimama dukani, akanunua mayai sita.

Bajaji ikasimama kwa mjomba mkubwa.

Mama alitaka kushuka aondoke kwa miguu. Anko hakumjibu, akaingia ndani na mfuko wake, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Kaka, nimeleta matokeo! Matano yako, moja langu. Mgonjwa ni mimi, na muuguzi wangu yupo nje." Kumbe 2012, Simba ilipompiga Yanga 5-0, alishawahi kumpelekea kaka yake mayai matano yamefungwa kwenye gazeti. Sasa kaja kulipa, na riba ya yai moja juu.

Mke wa mjomba akacheka mpaka akakaa chini. Mama akaingia, akapita sebuleni bila kumwangalia mtu, akaenda moja kwa moja jikoni kukaanga. Nadhani alikosa pa kupeleka mikono. Yakaletwa. Kimya. Mjomba mkubwa akaonja, akasema, "Mbona chumvi nyingi?" Mama akasema, "Usile basi."

Ndo maneno yao ya kwanza tangu 2019. Hawakupatana usiku ule, msidhani ni filamu. Ila Idi iliyofuata walikaa sebule moja, na nyumba ikawa haizungumzwi kwa sababu kila ikikaribia kuzungumzwa Anko alianzisha kitu. Wimbo, ubishi, mashindano ya kula ndizi. Nilikuwa nadhani ndo alivyo tu. Siku hizi naona alikuwa anajua saa ngapi aanze.

Msibani watani zetu Wazaramo walifanya kazi yao. Mmoja kavaa kapelo ya Anko na jezi yake, anatembea kama yeye, anadai nauli kwa waombolezaji. Halafu akakaa mlangoni, akagoma: jeneza halitoki mpaka ndugu wa marehemu walipe faini. Mjomba mkubwa akatoa elfu kumi. Mtani akaikunja, akamrudishia. "Hii ni ya nusu ndugu. Nusu nyingine ipo jamvini na akina mama." Mtaa unajua kila kitu jamani. Mama akafungua pindo la khanga, akatoa elfu kumi yake, na ilibidi aipitishe kwa mkono wa kaka yake ndo ipokelewe. Watu wakacheka huku wanalia. Kuna mzee mmoja alinuna, eti msiba sio ngoma. Mimi nasema Anko angekasirika kama wasingefanya.

Sasa arobaini imepita. Grupu la ukoo la WhatsApp limebaki "Amina" na picha za maua. Namba ya Anko bado imo, hakuna aliyethubutu kuitoa. Na mjomba mkubwa katuma ujumbe: mteja wa nyumba kapatikana, kikao Jumamosi hii, Magomeni.

Mama kasema atakwenda kwa daladala, atasema lake, atarudi. Sura yake naijua, atafika pale kama mtu anayeenda mahakamani.

Bajaji inaendeshwa na binamu yangu siku hizi, mtoto wa mjomba mkubwa. Nimeshaongea naye. Jumamosi saa tatu atapita mtaani kwetu kwa bahati tu, na baba yake atakuwa ameshakaa siti ya nyuma.