Aelewa, Hasemi

Kwenye kipindi nilijigamba kwamba nimeweka programu ya mitihani na madodoso kwenye seva, kwa ajili ya darasa letu la Kiswahili la Jumamosi hapa London mashariki. Sikusimulia kilichotokea baadaye. Wacha nisimulie leo, maana nadhani wengi wenu mtajiona humu.

Darasa lenyewe ni dogo: watoto kumi na wawili, ukumbi wa kukodi, chupa ya chai ya tangawizi. Mwalimu alitaka vitu viwili. Kwanza, mtihani mfupi wa kujua kila mtoto amefika wapi. Pili, dodoso la wazazi kuhusu lugha wanazoongea nyumbani. Kisha akanitazama mimi. Si mimi ndiye “mtu wa kompyuta”?

Nikachagua LimeSurvey. Ni programu huria iliyoanza mwaka 2003 ikiitwa PHPSurveyor, na unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe bila kulipia leseni. Hilo ndilo lililonivutia. Sikutaka majibu ya watoto wa watu yakae kwa mtu tusiyemjua.

Kwa wanaotaka kujaribu: unahitaji seva ya wavuti kama Apache, PHP, na hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Itengenezee programu hifadhidata yake na mtumiaji wake. Usitumie akaunti ya root. Pandisha faili, kisha ipe seva ruhusa ya kuandika kwenye folda tatu: tmp, upload na application/config. Mimi niliisahau hiyo ya tatu, nikahangaika saa nzima. Jaza ukurasa wa kusakinisha, weka pasiwedi ngumu ya msimamizi, halafu malizia na cheti cha Let's Encrypt ili anwani ianze na https. Ni cha bure. Changu kilikuwa cha siku 90, kwa hiyo nilipanga kijihuishe chenyewe. Kufika saa saba usiku mambo yalikuwa yanakwenda. Nililala kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kazi iko kwenye maswali.

LimeSurvey inaweza kutoa alama: kila jibu unalipa pointi zake. Kwa hiyo niliandika, “Utasemaje kama unaelekea sokoni?” Nikampa pointi anayechagua “Naenda sokoni”, na sifuri anayechagua “Niko naenda ku soko”. Mwalimu akapitia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Dada, hapa umemkosesha mama wa mtu.” Tuna mtoto ambaye wazazi wake wametoka Bukavu. Kwao hivyo ndivyo watu wanavyosema. Programu haikuwa na kosa lolote. Sifuri niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Halafu likaja dodoso. Kabla ya kuwapa wazazi, nilimtumia mama yangu kiungo ajaribu. Mama ni wa Mombasa, sasa anakaa Ilford. Akanipigia simu.

“We mwana, hii yataka nijibu nini? Mtoto gani?”

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba anijibie mimi, ni majaribio tu.

Hapo pana jambo la kukiri. Kiswahili hiki mnachokisoma nilijifunza ukubwani, nikiwa na miaka 27, jioni baada ya kazi. Nakiandika. Nakitungia mitihani. Lakini mama akinipigia namjibu kwa Kiingereza. Kwake yeye ulimi unakuwa mzito, naona haya, kama nimevaa nguo ya mtu. Hata kwenye sensa ya England na Wales ya tarehe 21 Machi 2021, swali la lugha kuu lilipofika, niliweka tiki kwenye Kiingereza nikasonga mbele. Hapakuwa na kisanduku changu.

Na mimi nikarudia kosa lilelile. “Je, mtoto wako anaongea Kiswahili nyumbani?” Ndiyo. Hapana. Kidogo. Chini yake nikaacha nafasi ya maelezo.

Kesho yake nilifungua majibu nikiwa kwenye treni. Mstari mmoja tu, na jina la mama pembeni. Hakuchagua ndiyo, hapana wala kidogo. Alikuwa ameandika:

“Aelewa, hasemi. Ni makosa yangu. Mwalimu wake alituambia tuseme Kiingereza tu nyumbani, nikamsikia.”

Nilipitiliza kituo changu.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Na mimi miaka yote nilidhani hakujali. Sina hakika kama alijua ni mimi nitakayesoma. Pengine kwake ilikuwa ni kuiambia kompyuta tu. Kuna mpangilio wa kuficha majina ya wanaojibu, na unatakiwa kuuwasha kabla hujalifungua dodoso, kwa sababu likishafunguliwa hauguswi tena. Nilikuwa nimeusahau. Fikiria mzazi mwingine angeandika hivyo, halafu Jumamosi tukutane naye mlangoni.

Nikalisimamisha dodoso, nikauwasha mpangilio ule, nikaandika maswali upya. Sasa tunauliza: anaelewa kiasi gani? Ukimsemesha Kiswahili, anakujibu kwa lugha gani? Kuna mtu aliyewahi kukushauri uache? Kwenye mtihani, “Niko naenda ku soko” ina pointi kamili, na mwalimu anaeleza darasani kwamba shuleni au kwenye gazeti utaikuta ile nyingine.

Ukilisimamisha dodoso, LimeSurvey haifuti majibu. Inayahamishia kwenye jedwali la zamani. Ule mstari wa mama ulikuwa bado upo. Nilimpigia.

“Mama, nimeona ulichoandika.”

Kimya. Kisha, “Kumbe yaja kwako?”

“Yaja kwangu. Nikifute?”

Hakujibu hilo. Alisema, “Sasa wanisemesha Kiswahili.”

Tuliongea dakika arubaini. Nilikosea ngeli, alicheka, nikaendelea. Kuhusu mwalimu yule tuligusia tu. Tulipokuwa tunaagana ndipo akanikumbusha: “Kile kifute, mwanangu.”

Nikakifuta.